Gati Lililokunjwa Mara Mbili

Miaka ile nilitaka kitu kimoja tu duniani: kusaini mchoro. Msicheke. Katika ofisi yetu ya uhandisi pale Bukoba kila mchoro ulikuwa na kisanduku kwenye kona ya chini kulia, na ndani yake mistari miwili. Wa kwanza uliandikwa "Umechorwa na", wa pili "Umeidhinishwa na". Mstari wa kwanza nilikuwa nimeujaza miaka minne mfululizo: makalavati, vyoo vya shule, tangi la maji, hata banda la pikipiki. Wa pili ulikuwa wa bosi. Aliyesaini mstari wa pili ndiye aliyekuwa injinia, sisi wengine tulikuwa penseli.

Na mimi nilikuwa nimesoma, jamani! Nshomile! Hilo ndilo neno wanalotutania nalo Wahaya, kwamba hatujamaliza kukusalimu tumeshakwambia tumesoma wapi na tulipata daraja gani. Sijawahi kukasirika nikitaniwa hivyo. Nilisoma, na nilipenda watu wajue.

Vita vilinikuta sekondari. Daraja la Kyaka lilipovunjwa, wakimbizi kutoka ng'ambo ya mto walilala kwenye kibanja chetu Kaagya, chini ya migomba, na baba yangu akawa anakaa nao kubishana ni lini magari yatavuka tena na daraja la aina gani litahimili mizinga. Kila mzee alikuwa na jibu lake na wote walikuwa wanabahatisha. Mimi binti mdogo, nimebeba sufuria la ndizi, nikaapa kwamba nitakuwa mtu asiyebahatisha. Ndivyo nilivyoingia uhandisi.

Bosi wangu alikuwa mtu wa maneno machache na suruali pana. Suruali hazikuwa pana tangu mwanzo. Zilianza kupanuka taratibu, mkanda ukatobolewa tundu jipya, halafu jingine, na ofisi nzima tukajifanya hatuoni. Miaka hiyo tulikuwa mabingwa wa kutoona. Jumamosi tunakwenda kuzika, Jumatatu tunakuta kiti kingine hakina mtu, na tunaulizana habari za kahawa. Mke wake tulikuwa tumemzika mwaka mmoja nyuma. Nilimpenda yule mzee, na kwa kuwa nilimpenda nilibishana naye kila siku, maana kubishana ndiyo namna yangu ya kumpenda mtu.

Siku moja akaniita, akaniwekea mezani ramani ya ufuko mmoja wa Muleba, mahali boti za visiwani zinapoleta samaki. Nilipajua. Boti kubwa zilikuwa zinasimama mbali, watu wanashuka majini hadi kifuani na magunia ya dagaa, na magodoro, na wagonjwa waliobebwa begani. Palikuwa na kijukwaa cha mbao tu cha boti ndogo, kibovu, ambacho kila mtu alikilalamikia na kila mtu alikitumia. Sasa mtambo wa kupiga nguzo ulikuwa unatoka Mwanza kwa tishari kwenda kazi nyingine, na ungeweza kusimama kwetu wiki chache. Ukikuta mchoro wa gati jipya haujaidhinishwa, unapita, na gati ndiyo basi tena.

"Hesabu zote fanya wewe," akasema. "Zikisimama, mstari wa pili ni wako."

Nikajibu, "Sawa, Bosi," kwa sauti ya mtu mzima. Kisha nikaenda stoo, nikafunga mlango, nikacheza ngoma peke yangu kati ya marundo ya faili.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kichwa cha gati, yaani ile sakafu pana ya mwisho boti zinapofunga, kingesimama juu ya nguzo kumi na sita za chuma, safu nne za nguzo nne nne, zimepigwa kwa nyundo kupita maji, kupita tope, hadi kwenye udongo mgumu. Swali lilikuwa moja: kila nguzo itabeba kiasi gani, na je, udongo utaishikilia? Njia niliyofundishwa chuo kikuu ni kugawa kila kitu, nguzo, tope na sakafu, katika vipande vidogo vidogo vilivyoshikana kwenye vifundo, kisha unaiuliza kompyuta kila kipande kinamsukuma jirani yake kwa nguvu gani. Majirani wanakuwa maelfu, na wote sharti waelewane kwa wakati mmoja. Ukiwaza vizuri ni kama kikao cha ukoo.

Kompyuta tulikuwa nayo moja. Ililetwa na mradi wa wafadhili, na sekretari wetu aliivalisha kitambaa cha kufuma kwa mkono, chenye maua, kama redio ya sebuleni. Kumbukumbu yake ilikuwa finyu mno. Nikiipa gati zima, inagoma papo hapo. Nikiipa nusu, inafikiri kwa saa mbili, umeme unakatika, tunaanza upya. Nilipiga meza, nikaitukana kwa Kihaya na kwa Kiswahili, na kidogo kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha iliyokuwa inaelewa.

Ulinganifu ndio ulioniokoa. Kichwa cha gati kilikuwa na pande za kaskazini na kusini zinazofanana, na pande za ziwani na nchi kavu zinazofanana. Kama uzito nao umesambaa sawasawa, basi kinachotokea kwenye robo moja kinatokea kwenye robo zote nne, na huna haja ya kuhesabu kitu kilekile mara nne. Nikakunja gati mara moja, nikakunja mara ya pili, nikabaki na nguzo nne badala ya kumi na sita. Kwenye mistari ya mkunjo nikaweka sheria: vifundo vilivyo hapo vina ruhusa ya kushuka chini, lakini ni marufuku kuvuka mstari au kuinama upande, maana ng'ambo ya mstari yupo pacha wake anayemsukuma vilevile. Kompyuta ikameza robo ile, ikatafuna mchana kutwa, ikatoa majibu. Nguzo zote zilikuwa salama, na ziada juu.

Jumapili baada ya misa nikaenda Miembeni kujisifu kwa shangazi yangu. Shangazi alikuwa fundi cherehani, na barazani kwake siku zote palikuwa na vipande vya sare za shule, kwa sababu alikuwa analea wajukuu watano, watoto wa mabinti wake wawili waliotangulia. Sijui vichekesho alikuwa anavitoa wapi, lakini hakuna siku niliyomkuta bila hadithi ya kuchekesha. Nikamweleza habari ya mkunjo. Akaacha kukanyaga cherehani.

"Kumbe na wewe unakata nguo!" akasema. "Mimi kitambaa nakikunja, nakata nusu ya gauni, nikifungua lipo zima. Miaka mingapi serikali imekusomesha ufike hapa kwangu?"

"Shangazi, mimi nimekunja mara mbili."

"Ehe, na mabega umeyapima?"

"Gati halina mabega, Shangazi."

"Thubutu! Mteja akija simkunjii kitambaa kabla sijamwona anavyosimama. Yupo aliyebeba ndoo bega moja tangu utoto, bega limelala. Ukimkatia kwa mkunjo, gauni linapanda huku, linashuka kule, na lawama ni za fundi."

Nikacheka kile kicheko cha wasomi, cha kufumba macho. Nikala ndizi zake, nikaenda zangu.

Wiki iliyofuata nikasafiri hadi ufukoni Muleba kupima tena kina cha maji, nimevaa buti mpya na kofia ya plastiki, ambayo haikuhitajika kabisa maana hapakuwa na kitu cha kuniangukia isipokuwa ndege. Nikasimama mchangani na daftari langu, nikakiangalia kile kijukwaa cha mbao. Kilikuwa kimelala upande mmoja, upande wa kaskazini. Mbao zimeoza, nikajisemea. Hapo boti ya kwanza ikatokea.

Jamani, sijapata kuona! Kina mama wachuuzi wa samaki, zaidi ya arobaini, waliokuwa wamekaa mchangani wakisukana nywele, waliinuka kwa pamoja wakakimbilia jukwaani, na wote, wote bila kubaki hata mmoja, wakajibana ukingo wa kaskazini wakiinama na kunyoosha mikono. Mbao zikalia. Upande wa kusini alibaki kuku mmoja.

"Kwa nini wote huku?" nikamuuliza mama mmoja mnene aliyekuwa amerudi na beseni limejaa sangara, anahema na kutabasamu.

Akanieleza kwa huruma, kama unavyomweleza mgeni. Pale ufukoni sheria yao ilikuwa moja: anayekuwa wa kwanza kugusa ubao wa boti ndiye mnunuzi wa kwanza, ndiye anayechagua. Mkono wako ukigusa, hata mwenye fedha nyingi anasubiri nyuma yako. Na boti zote hufunga kaskazini, kwa sababu upepo hutoka kusini na hakuna nahodha mwenye akili atakayeacha upepo umbamize jukwaani.

"Dada injinia," akasema, "kwani huko Bukoba mnadhani samaki wanashuka pande zote mbili?"

Wenzake wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, kisha nikafungua daftari langu. Kwenye ukurasa wa kwanza wa hesabu zangu nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu, tena nikapigia mstari: uzito umesambaa sawasawa. Nilikuwa nimekunja kitambaa kabla ya kumwona mteja akisimama. Nilikasirika! Nilimkasirikia shangazi kwa kuwa sahihi, nikawakasirikia kina mama kwa kukimbia, nikamkasirikia hata yule kuku. Hasira zilipokwisha nikabaki na aibu tupu.

Njia nzima ya kurudi Bukoba nilikuwa nabishana na nafsi yangu. Bosi alikwishapitia hesabu akazikubali. Ziada ya uzito niliyoacha ilikuwa kubwa, pengine ingetosha. Nikinyamaza, nasaini kesho. Nikisema, pengine mtambo unapita na gati linakufa, na mstari wa pili unakufa nalo. Nisingeweza kunyamaza, si kwa utakatifu, ila kwa sababu ningekuwa nabahatisha, kama wale wazee wa Kaagya chini ya migomba.

Nikamwambia bosi asubuhi, nimesimama, na buti bado zina matope. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Mtambo unafika baada ya siku tisa," akasema. "Mkunjo wako umekufa. Na gati zima kompyuta haiwezi."

"Najua, Bosi."

"Basi nenda."

Alimaanisha nenda kazini au nenda nyumbani, sikujua. Nikaenda Miembeni. Huko ndiko nilikolia, nimekaa kwenye mkeka kati ya mikono ya mashati ya shule, nikimwambia shangazi kwamba gati lina mabega, tena moja limelala. Hakunicheka. Alichukua chaki yake ya kuchorea.

"Mteja wa bega moja simtupi," akasema. "Wala sikati upande mmoja mmoja, nitamaliza kitambaa cha watu. Nakunja vilevile, nakata kama kawaida. Halafu narudi: huku naongeza vidole viwili, kule napunguza vidole vilevile viwili. Mambo yamekwisha. Futa pua."

Nikainuka kwenye mkeka. Mhadhiri mmoja chuo kikuu alitufundisha kitu hicho hicho, siku ya joto kali, na mimi nilikuwa nasinzia! Umati mzima ukiwa kaskazini na kusini hakuna mtu, unaweza kuugawa mara mbili. Kwanza weka nusu ya umati kaskazini na nusu kusini, wanakandamiza chini wote. Hiyo ni robo yangu ya zamani, na sheria zake za zamani. Kisha weka nusu kaskazini inakandamiza chini, na nusu kusini ya kinyume, inainua juu. Hapo pacha hafanyi kama mwenzake, anafanya kinyume chake kamili, kwa hiyo sheria za mkunjo unazigeuza: vifundo vya kwenye mstari unaotenga kaskazini na kusini ni marufuku kushuka, lakini ruhusa kuvuka na kuinama. Robo ileile, kompyuta ileile, mara mbili. Mwisho jumlisha: kaskazini nusu na nusu ni umati mzima, kusini nusu inayokandamiza na nusu inayoinua ni sifuri, yaani kuku peke yake. Nikambusu shangazi kwenye paji la uso nikakimbia, chaki yake imebaki mkononi mwangu.

Siku nne kompyuta ilitafuna, maana umeme ulikatika mara mbili. Majibu yalikuwa mabaya: safu ya nguzo za kaskazini ilikuwa inabeba kupita kiasi ambacho udongo ungeweza kuhimili. Gati langu la kwanza, lile salama na ziada juu, lingelala upande kama kile kijukwaa cha mbao. Nikazirefusha nguzo za safu ya kaskazini zishuke zaidi kwenye udongo mgumu, na za safu ya kusini nikazirefusha sawasawa nazo ili mkunjo ubaki mkunjo, nikahesabu upya, zikasimama. Bosi alinung'unika juu ya chuma cha kusini. Nikamwambia ipo siku upepo utageuka. Akauliza kama nimehakikisha udongo haukandamizwi hadi kuanza kubonyea ovyo, mahali ambapo kujumlisha majibu mawili hakufai tena. Nilikuwa nimehakikisha, nikampa ukurasa, tukabishana kwa raha saa nzima.

Kisha akatoa kalamu mfukoni, akaniwekea mbele ya mchoro.

"Mimi?" nikasema. "Bosi, nilikosea."

"Wiki iliyopita hukuwa na woga hata chembe. Mtu asiye na woga nisingempa kalamu, ningemzungusha mpaka mtambo ufike na upite." Akakohoa, akasubiri kikohozi kipite. "Lakini ujue desturi. Aliyesaini ndiye anayekaa chini siku ya kupima uzito, ndiye anayesoma rula. Mimi nimekaa chini ya kila daraja nililosaini."

Nikasaini. Saini ile mpaka leo inafanana na mtu aliyeteleza.

Mtambo ulikuja, nguzo zikapigwa, sakafu ikamwagwa zege, na siku ya kupima ufuko mzima ulijaa. Mifuko ya mchanga ingepangwa ukingo wa kaskazini peke yake, mizito kuliko umati wowote wa wachuuzi. Kina mama walikataa vibarua, wakasema mifuko wataibeba wenyewe kwa kuwa gati ni lao, na wakaanza kuimba kabla hata hawajabeba. Mimi nikashushwa kwenye mtumbwi uliofungwa kwenye nguzo, chini ya sakafu, mbele yangu rula iliyofungwa kwenye nguzo na waya uliokazwa kati ya miti miwili iliyosimikwa mbali, ili nione nguzo inashuka kiasi gani. Nilikuwa sijui kuogelea. Mhandisi wa gati, mtoto wa Kaagya, jirani na ziwa, hajui kuogelea! Nikaanza kusali kwa Mama Maria waziwazi.

Mifuko ya kwanza ikatua juu ya kichwa changu, pu, pu, vumbi la mchanga likaniingia machoni. Hapo nikaona miguu inashuka ngazi ya chuma, polepole, kidato kimoja, mapumziko, kidato kingine. Niliijua ile suruali.

"Bosi, rudi juu!"

Hakurudi. Akaingia, akakaa mbele yangu, akashika kingo za mtumbwi kwa mikono yote miwili. Kazi yangu ni kujua vitu vinabeba nini na vinashuka kiasi gani, na niliangalia maji kwenye ubavu wa mtumbwi bila kutaka. Alipoingia, mtumbwi haukushuka.

"Unajua kuogelea?" nikamuuliza.

"Hata kidogo."

Tukacheka, waitu, ndugu zangu, tulicheka mpaka mtumbwi ukayumba na tukanyamaza ghafla kwa hofu. Mifuko ikaendelea kutua. Milimita mbili. Milimita nne. Kina mama walikuwa wanaimba, sakafu inavuma, na yeye ananiambia soma rula, acha kuniangalia mimi. Mfuko wa mwisho ulipowekwa waya ulisimama kwenye sita na haukusogea tena.

"Ulisema ngapi?" akauliza.

"Saba."

Akapiga goti lake kwa kiganja, na nikapaza sauti "Sita!" na juu wakajibu kwa vigelegele ambavyo nadhani vilisikika visiwani. Katika kelele ile nikamwinamia.

"Bosi, wewe hukusaini. Hukutakiwa kukaa hapa."

"Gati umesaini wewe," akasema. "Wewe nimekusaini mimi."

Nikafungua kamba, nikashika kafi kwa mara ya kwanza maishani, nikamrudisha ufukoni tukizungukazunguka, taratibu, maana alikuwa amechoka.